Mpini wa Mti kwa Kisu cha Chuma cha Mawimbi

Kisu huunganisha vitu viwili visivyozeeka kwa namna moja. Chuma kikishafuliwa, kikapashwa moto na kuzimishwa kwenye mafuta, umbo lake limekwisha. Mti haufiki mwisho huo. Hata ukipasuliwa mbao na kukaa stoo miaka kumi, bado huvuta unyevu wa hewa wakati wa masika na kuurudisha wakati wa kiangazi, na kila mara hutanuka au kusinyaa kidogo. Kutengeneza mpini ni kuvifunga vitu hivi pamoja kwa namna ambayo kimoja kitaendelea kucheza bila kumwachia mwenzake ufa. Jambo hilo ni gumu kwa kisu chochote. Kwa kisu cha chuma cha mawimbi ni gumu zaidi, kwani chuma hicho hushika kutu upesi, na nakshi yake huonekana kwa kutiwa asidi, ambayo ni adui wa mti na wa gundi.

Kiswahili kina majina kamili ya sehemu zinazohusika. Ulimi wa chuma unaoingia kwenye mti ni msuka. Pete ya madini inayozunguka mdomo wa mpini, pale ubapa unapotokea, ni noleo, na kazi yake ni kuuzuia mti usipasuke kisu kinapokandamizwa. Mpini wa kisu huitwa pia kipini. Kinyarwanda nacho kina umuhini, mpini wa jembe, neno la ukoo mmoja na mpini. Nyundo ni inyundo, na mhunzi ni umucuzi. Fundi wa Kigali anayezitumia lugha zote mbili hana haja ya kuazima istilahi, isipokuwa kwa mambo machache ya kikemia.

Chuma cha mawimbi, ambacho sokoni huitwa chuma cha Dameski, ni vitu viwili vinavyobeba jina moja. Cha kwanza ni chuma cha kale kilichoyeyushwa ndani ya vyungu vilivyozibwa huko India na Sri Lanka. Mawimbi yake hujitokeza yenyewe, kutokana na chembe za kabidi zinazojipanga kwa mistari chuma kinapopoa na kufuliwa. Mwanafalsafa Al-Kindi aliandika risala kuhusu panga za vita na aina zake katika karne ya 9. Mwanajiografia Al-Idrisi, katika kitabu chake cha mwaka 1154, alieleza kuwa chuma cha Sofala, pwani ya Msumbiji ya leo, kilisafirishwa hadi India, ambako kilithaminiwa sana kwa kufulia panga. Pwani ya Waswahili haikuwa nje ya habari hii.

Cha pili, ambacho ndicho karibu chote kinachouzwa siku hizi, hupatikana kwa kubandika tabaka za vyuma viwili vya tabia tofauti kwa moto na nyundo. Mmarekani Bill Moran alikionyesha hadharani mwaka 1973, na tangu hapo kimeenea duniani. Jozi ya kawaida ni chuma kinachoitwa 1095, chenye kaboni karibu asilimia 0.95, na 15N20, chenye nikeli karibu asilimia 2. Tabaka 13 zikikatwa vipande vinne na kubandikwa upya, kisha kazi hiyo ikarudiwa mara moja, hufika 208. Asidi hukila cha kwanza na kukiacha cheusi, na nikeli hukilinda cha pili kibaki cheupe. Hata hivyo nikeli hiyo kidogo haitoshi kuzuia kutu. Ubapa unaweza kufutwa na kupakwa mafuta kila jioni, lakini msuka uliofunikwa na mti uko mahali ambapo kitambaa hakitaufikia tena.

Batsinda ni mtaa wa mlimani katika sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, jijini Kigali. Ulijulikana zaidi mwishoni mwa miaka ya 2000, zilipojengwa nyumba za mradi kwa familia zilizohamishwa kutoka Kiyovu ya chini kupisha ujenzi wa katikati ya jiji. Katika makazi ya namna hiyo viwanja ni vidogo na kuta zimekaribiana. Tanuri la mhunzi, moshi wake na nyundo zake haviwezi kukaa hapo bila kuwakera majirani. Kazi ya mpini inaweza. Hutaka meza imara, jiliwa, msumeno wa meno madogo, keekee, tupa tatu nne na msasa, na vyote huenea barazani. Tena jirani, Gisozi, ndiko kuliko Agakiriro, soko kubwa la maseremala na wachomeleaji lililohamishiwa huko kutoka katikati ya jiji. Kwa seremala wa vitanda na makabati, kipande cha sentimita 13 kwa 4 ni kuni. Kwa fundi wa mipini hicho ni kisu kizima. Mgawanyo wa kazi unaoingia akilini, basi, ni ubapa kufuliwa kwingine au kununuliwa ukiwa mtupu (mji wa Wazirabad, Pakistan, huuza bapa za namna hiyo duniani kote) na mpini kuchongwa Batsinda.

Eneo hili si geni kwa chuma. Mkoa wa Kagera, ng'ambo ya mpaka wa mashariki wa Rwanda, ndiko Peter Schmidt na Donald Avery walikofanya utafiti uliochapishwa mwaka 1978, wakionyesha kwamba mababu wa Wahaya waliyeyusha chuma chenye kaboni kati ya miaka 1,500 na 2,000 iliyopita. Ndani ya Rwanda, kaburi la Mwami Cyirima Rujugira, mtawala wa karne ya 18, lilichimbuliwa na wanaakiolojia, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1972: mfalme alilazwa na nyundo za chuma kichwani pake. Chuma kilikuwa alama ya ufalme wenyewe. Lakini katika machimbo ya aina hii mpini ndio unaokosekana. Udongo wa nchi ya mvua hula mti kwanza, kisha ngozi, na chuma hubaki na msuka wake mtupu. Kwa sababu hiyo historia ya mipini ya kale ya Maziwa Makuu haisomeki ardhini. Husomeka katika mikono ya wahunzi waliopokezana kazi, na katika vitu vichache vilivyowahi kuhifadhiwa majumbani na katika makumbusho kama yale ya Huye, yaliyofunguliwa mwaka 1989.

Njia yao ya zamani ni kuchoma. Msuka huchongwa kama mwiba, hupashwa moto mpaka uwe mwekundu, kisha husukumwa ndani ya tundu jembamba la mti. Mti huungua kwa umbo lile lile la msuka na kuushika barabara. Kwa jembe na kwa kisu cha kawaida cha shamba njia hiyo haina kasoro, na haihitaji gundi. Kwa kisu cha mawimbi ina hatari moja kubwa: joto la msuka hupanda hadi kwenye ubapa na kuulegeza ugumu uliopatikana kwa taabu, kwa maana chuma cha namna hiyo, baada ya kuzimishwa, hutulizwa kwa joto la karibu nyuzi 200 tu. Fundi anayetaka kuitumia njia ya wazee hutengeneza nondo ndogo yenye umbo la msuka ule ule, huipasha moto hiyo, na kuchomea nayo tundu. Kisu chenyewe huingia baadaye kikiwa baridi.

Sasa kuhusu mti na maji, maana hapo ndipo mipini mingi inapoharibikia. Kila mbao ikiachwa hewani hufikia kiwango chake cha unyevu kulingana na hewa hiyo. Kwa joto la nyuzi 21, karibu sawa na wastani wa Kigali, hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huituliza mbao kwenye asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 60 huishusha hadi 11. Kigali ina misimu minne: Urugaryi, kiangazi kifupi cha Januari na Februari, Itumba, mvua kubwa za Machi hadi Mei, Impeshyi, kiangazi kirefu cha Juni hadi Agosti, na Umuhindo, mvua za mwisho wa mwaka. Mpini unaokaa jikoni Batsinda hupanda na kushuka baina ya viwango hivyo mara mbili kila mwaka.

Tofauti ya pointi tano huonekana ndogo mpaka ipimwe. Mtiki, mti unaosifiwa kwa utulivu, husinyaa karibu asilimia 5.8 kwa upana, ukipimwa kufuata duara la shina, unapotoka ubichi hadi ukavu kamili. Hiyo ni kama asilimia 0.2 kwa kila pointi ya unyevu. Kipande cha mpini chenye upana wa milimita 30 kitapoteza basi karibu milimita 0.3 kutoka masika hadi kiangazi. Mti unaosinyaa kwa asilimia 10, na mikaratusi mingi hufika hapo au kupita, utapoteza nusu milimita. Chuma cha upana huo huo, joto likibadilika kwa nyuzi 10, hakibadiliki hata sehemu moja ya mia ya milimita. Mtu akipitisha ukucha kwenye mgongo wa mpini mwezi Agosti, pale mti unapokutana na msuka, ataisikia tofauti hiyo kama ngazi ndogo: chuma kimejitokeza, mti umerudi ndani. Kisu kikisafirishwa kwa mnunuzi wa Ulaya, ambako nyumba zikipashwa moto wakati wa baridi hewa hushuka hadi asilimia 30 na mbao hadi 6, ngazi hiyo huongezeka maradufu, na mara nyingi ufa hufuata.

Dawa ya kwanza ni ukavu wa kweli. Kanuni ya maseremala ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, mbao ikiwa imepangwa kivulini na hewa ikipita katikati, ncha zake zikiwa zimepakwa nta au rangi, kwa kuwa maji hutoka upesi zaidi nchani na kupasua. Lakini mwaka ni makadirio, na mizani ni ushahidi. Kipande kidogo kutoka kwenye gogo lile lile hupimwa, tuseme gramu 224, kisha huwekwa kwenye oveni ya nyuzi 103 mpaka uzito wake usishuke tena. Kikitua kwenye gramu 200, maji yalikuwa gramu 24, yaani asilimia 12, na gogo hilo liko tayari kwa Kigali. Mizani ya jikoni inatosha. Mafundi wengi huruka hatua hii kwa sababu mbao ya dukani huitwa kavu na muuzaji, na neno hilo kwa muuzaji lina maana ya kitanda, si ya kisu.

Dawa ya pili ni mwelekeo wa nyuzi. Mti husinyaa kwa kufuata duara la shina karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka ganda kuelekea kiini, na kwa urefu hausinyai ila kwa sehemu ndogo sana ya asilimia. Kwa hiyo bamba la mpini hukatwa nyuzi zikienda sawa na urefu wa kisu, na pete za mti zikisimama wima zikitazamwa nchani. Bamba la kushoto na la kulia hutoka katika kipande kimoja kilichopasuliwa katikati kama kitabu kinachofunguliwa. Yakitoka katika miti miwili, hata ya jina moja, moja litacheza zaidi ya jingine na kisu kitaonekana kimepinda ilhali chuma kimenyooka.

Ni mti gani, basi? Mpingo ndio jibu la kwanza la kila mtu, na si bila sababu. Kiini chake cheusi hukaribia uzito wa gramu 1.2 hadi 1.3 kwa sentimita moja ya ujazo, hivyo huzama majini. Hauli maji kwa urahisi, hung'aa bila vanishi, na weusi wake huyafanya mawimbi ya chuma yaonekane kama fedha. Kwa kisu cha jikoni, hata hivyo, uzito huo una gharama: huvuta mizani ya kisu nyuma, kwenye kiganja, na mkono uliozoea ubapa kuanguka wenyewe juu ya vitunguu hulazimika kuusukuma. Wajapani, ambao visu vyao vya jikoni ndivyo kipimo cha wapishi wengi, hutumia mpini wa mti mwepesi mweupe wa jamii ya magnolia. Mninga wa Tanzania hauna sifa ya kung'aa kama mpingo, lakini ni miongoni mwa miti inayosinyaa kidogo kabisa, na kwa mpini hiyo ni sifa kubwa kuliko rangi. Mvule ni imara, ila ndani yake hukaa vijiwe vya chokaa vinavyougeuza msumeno mkali kuwa butu kwa mkato mmoja, na vumbi lake huwasha. Vumbi la mpingo nalo huwaletea wengine upele, kwa hiyo barakoa ni kifaa cha kazi kama tupa.

Miti hiyo mitatu husafiri kabla ya kufika Kigali. Mingine iko mlangoni. Umusave, ule mti wa maua ya manjano unaopandwa mipakani mwa mashamba, huvumilia mchwa, na wakulima wamekuwa wakiutumia kwa mipini ya zana tangu zamani. Rangi yake ya kahawia hafifu haigombani na chuma. Mgrevilea una madoadoa mazuri ukipasuliwa kuelekea kiini, lakini ni mwepesi na hubonyea. Mparachichi ni laini zaidi. Mkaratusi, ulioijaza milima ya Rwanda, ukikatwa juzi haufai hata kidogo, kwani hujipinda, hupasuka, na tanini yake huunda weusi unapogusa chuma chenye unyevu. Mkaratusi wa fremu ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba iliyodumu miaka 30 ni kitu kingine. Umekwisha kucheza michezo yake mikubwa, na aliyepata kipande kisicho na tundu la msumari amepata mali.

Mti ambao haujapewa heshima yake ni mbuni. Kahawa iliingia Rwanda kupitia misheni ya Mibirizi karibu mwaka 1904, na mkulima mzuri wa kahawa hukata mashina yaliyozeeka ili machipukizi mapya yachukue nafasi. Mashina hayo huishia jikoni. Mti wake ni mgumu, mweupe unaoelekea manjano, wenye chembe ndogo zinazokubali msasa mpaka ziwe kama pembe. Shina ni jembamba na mara nyingi limepinda, kwa hiyo halitoi mabamba mawili mapana, ila kwa msuka mwembamba unaozama ndani ya kipande kizima linafaa kabisa. Kisu chenye mawimbi meusi na meupe juu ya mpini wa rangi ya maziwa, na pete ya shaba katikati, hakihitaji pambo lingine. Mti wenye mabaka na vifundo vingi hupendeza ukiwa peke yake. Ukiwekwa pembeni ya chuma cha mawimbi, viwili hivyo hugombea jicho na vyote viwili hupoteza. Kuna wanaozamisha mti dhaifu ndani ya utomvu wa plastiki kwa pampu ya kuondoa hewa ili usicheze tena. Njia hiyo huokoa mbao iliyoanza kuoza lakini yenye rangi nzuri. Kwa mti mgumu uliokauka haina faida, na mguso wake mkononi si wa mti tena.

Uchaguzi wa kitu cha kutengenezea mpini una upande mwingine ambao Afrika Mashariki ililipia gharama kubwa. Jambia la Yemen na khanjari la Oman zilitukuzwa kwa mipini ya pembe ya kifaru, na mahitaji ya Yemen katika miaka ya 1970 yalikuwa miongoni mwa sababu kuu za vifaru kuuawa ukanda huu. Biashara ya kimataifa ya pembe ilipigwa marufuku kwa vifaru wote mwaka 1977 chini ya mkataba wa CITES, na Yemen Kaskazini ikazuia uingizaji mwaka 1982. Katika mbuga ya Akagera, ambako miaka ya 1970 kulikuwa na vifaru weusi zaidi ya 50, ujangili uliwamaliza. Wa mwisho alionekana mwaka 2007, na nchi ikakaa miaka kumi bila kifaru mpaka 18 walipoletwa kutoka Afrika Kusini mwaka 2017. Khanjari lenyewe halikufa. Ufundi wake uliingizwa kwenye orodha ya urithi wa UNESCO mwaka 2022, na mpini wa msandali, uliokuwapo tangu zamani, unavaliwa kwa heshima ile ile.

Miti nayo sasa ina sheria zake. Jamii yote ya mpingo imo kwenye orodha ya pili ya CITES tangu Januari 2017, na mwaka 2022 mkutano wa Panama ukaongeza mninga, mkongo na mkangazi wa Afrika. Vitu vilivyokamilika vya mpingo vimesamehewa katika shehena isiyozidi kilo 10 za mti huo, hivyo kisu kimoja hupita. Magogo na vipande ghafi vinavyovuka mpaka wa Rusumo au kwingineko huhitaji kibali. Mbuni, umusave na mgrevilea haiguswi na orodha hizo.

Kuna namna mbili za kuunga. Msuka mwembamba huzama ndani ya kipande kizima cha mti chenye noleo mdomoni. Ni mwepesi, mti huuzunguka pande zote, na ngazi ile ya kiangazi haionekani. Msuka mpana una umbo lote la mpini, na mabamba mawili hugandishwa ubavuni na kufungwa kwa pini. Ni imara zaidi na mawimbi huendelea kuonekana kwenye mgongo wa mpini, jambo ambalo wanunuzi wa kisu cha namna hii hulipenda. Lakini huo mpana ndio wenye mtego.

Mtego wenyewe ni huu. Mabamba yakishagandishwa, mti na chuma huchongwa pamoja ili viwe sawa, na uchongaji huo hufuta nakshi kwenye kingo za msuka. Ili nakshi irudi lazima chuma kitiwe asidi upya, kwa kawaida kloridi ya chuma, ile ile inayotumiwa na mafundi wa saketi za redio. Asidi ikigusa mti huutia doa lisilotoka, na ikipenya kwenye mwanya wa gundi hukaa humo ikila msuka kimya kimya. Utatuzi ni subira. Matundu ya msuka hutobolewa kabla chuma hakijazimishwa, kwa sababu baadaye keekee hazitaingia. Mabamba hufungwa kwa pini bila gundi yoyote, na mpini mzima huchongwa, hupigwa tupa na msasa mpaka umbo la mwisho, kana kwamba kazi imekwisha. Kisha pini hugongwa nje na kila kitu hufunguliwa. Chuma peke yake huingia kwenye asidi, dakika chache kwa zamu, husuguliwa, hurudi tena, na mwishowe hulowekwa kwenye maji ya magadi ili asidi iliyojificha ife, kisha hukaushwa na kupakwa mafuta ubapani tu. Hapo ndipo gundi inapoingia. Ncha za mbele za mabamba, zinazoutazama ubapa, lazima ziwe zimekwisha kung'arishwa kabla ya hatua hiyo, kwani baada ya kugandishwa hakuna msasa utakaofika pale bila kuukwaruza ubapa wenye nakshi. Kosa hilo moja limeharibu visu vizuri vingi, na halina marekebisho isipokuwa kuanza upya.

Gundi inayofaa ni epoksi ya sehemu mbili inayokauka polepole, saa 24, si ile ya dakika tano. Nyuso zote mbili zinazokutana husuguliwa kwa msasa mkavu wa namba 60 au 80 na kufutwa kwa spiriti, maana gundi haishiki juu ya mafuta ya vidole. Matundu ya ziada hutobolewa msukani ili gundi ya kushoto ikutane na ya kulia. Klampu hazikazwi kwa nguvu zote. Zikikazwa hivyo gundi yote hutoka na viungo hubaki vikavu. Pini za shaba za milimita 4 hadi 6 hupita katika matundu ya msuka yaliyo makubwa kuliko pini kwa nywele, na nafasi hiyo ndogo ndiyo inayouruhusu mti kucheza bila kupasukia kwenye pini. Kipande chembamba cha ngozi ya mbuzi kati ya mti na chuma husaidia pia, mradi kimelowa gundi kabisa.

Umbo hufuata mkono. Mpini wa duara huzunguka kiganjani na mpishi hajui makali yalipo. Wa yai, mrefu zaidi kwenda juu kuliko ubavuni, humjulisha bila kutazama. Unene wa milimita 18 hadi 25 huwatosha watu wengi, na tumbo dogo katikati hujaza kiganja. Kipimo kizuri ni mkono ulioloa. Mpini unaoshikika vizuri mkavu na kuteleza ukiwa na maji ya viazi haujakamilika, na mara nyingi umesuguliwa kupita kiasi: msasa wa namba 400 hutosha.

Mafuta ya kitani, mapako matano au sita membamba, kila moja likikauka kabla ya jingine, kisha nta ya nyuki, huupa mti ulinzi unaoweza kurudiwa na mwenye kisu mwenyewe. Vanishi hung'aa zaidi na kumenyuka baadaye. Vitambaa vilivyotumika kupaka mafuta hayo ni hatari halisi: mafuta ya kitani yakikauka hutoa joto, na vitambaa vilivyokunjwa na kutupwa kwenye vumbi la mbao vinaweza kushika moto vyenyewe. Hutandazwa wazi nje au hulowekwa kwenye ndoo. Katika ujirani wa Agakiriro, ambalo limeungua zaidi ya mara moja na kuwatia mafundi hasara, na katika mtaa wa nyumba zilizoshikana, hatua hiyo si ya hiari.

Jikoni, mtihani mkubwa ni ndizi mbichi. Utomvu wake una tanini, na ukikutana na chuma cha kaboni hutoa weusi ndani ya dakika chache, juu ya ndizi na juu ya ubapa, huku ukinata mdomoni mwa mpini, kwenye mwanya ule ule ambao fundi alihangaika kuuziba. Kisu hufutwa papo hapo, huoshwa kwa mkono, hukaushwa na kusimamishwa mahali penye hewa. Kulowekwa kwenye beseni usiku mmoja humaliza kazi ya mwezi.

Hata mpini mzuri huisha kabla ya chuma. Pini hulegea, ufa hutokea, na wakati huo mabamba hutolewa kwa kutoboa pini na kuupasha msuka joto la maji yanayochemka mpaka epoksi ilegee, joto lisiloweza kuudhuru ubapa. Msuka husafishwa kutu, matundu yake hubaki pale pale, na mabamba mapya hupimwa juu yake. Fundi anayejua hilo hutumia pini za kipimo cha kawaida na kuyapanga matundu kwa umbali unaopimika kwa rula, ili atakayekifungua kiungo hicho baada ya miaka 20 apate njia.